Chakula cha Meksiko Mjini Unguja: Njia Nne za Kukipata, Uhalisi Wake na Gharama Zake

Mtu anayetafuta chakula cha Meksiko mjini Unguja kwa kawaida huwa na masharti mawili ambayo ni vigumu kuyapata mahali pamoja: kiwe cha kweli, na kiwe cha bei anayoimudu mwenye kipato cha kawaida. Mikahawa ya Mji Mkongwe na ya fukweni inaweza kumpa sahani nzuri, lakini bei zake zimepangwa kwa mfuko wa mgeni. Supamaketi zina pakiti na mikebe yenye picha za kofia pana, lakini yaliyomo mara nyingi yanakaribia zaidi meza za Texas ya Marekani kuliko meza za Oaxaca, jimbo la kusini mwa Meksiko. Jikoni kwake mwenyewe anavyo vitu vingi vinavyohitajika, ila hajui aanzie wapi. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili yake, na pia kwa vijana wetu wanaofanya kazi mahotelini, ambao wamekwisha kuvionja vyakula hivi kazini na sasa wanataka kuwaonjesha wazazi wao nyumbani bila ya kumaliza mshahara.

Kabla ya kuzilinganisha njia zenyewe, lipo jambo moja ambalo msomaji afadhali alijue mapema, kwa sababu linabadilisha hesabu yote ya gharama. Mahindi, pilipili, tungule, embe mafuta (parachichi) na mapapai ni mazao ya asili ya bara la Amerika, na Meksiko ni miongoni mwa nchi zilizoanza kuyala na kuyalima tangu kale; mahindi hasa yaliendelezwa na wakulima wa huko kutokana na nyasi za porini maelfu ya miaka iliyopita. Yalivuka bahari baada ya mwaka 1492, na Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498, walikuwa miongoni mwa walioyaeneza. Kwa upande wa pili, ndimu, vitunguu, thomu, kotmiri, mchele na ng'ombe viliingia Meksiko pamoja na Wahispania, na ukwaju ulifika huko kwa biashara ya majahazi makubwa yaliyounganisha Asia na Meksiko. Kwa hiyo mpishi wa Mérida au Veracruz akiingizwa katika marikiti ya Darajani asubuhi, vingi atakavyoviona mezani atavitambua. Ughali wa chakula hiki mjini kwetu unatokana zaidi na mahali kinapouzwa na namna kinavyoagizwa kuliko uhaba wa vitu vyenyewe.

Vigezo vya kulinganishia

Nimetumia vigezo vitano kwa kila njia: uhalisi, gharama, upatikanaji, muda na kazi, na uhalali wa chakula kwa Muislamu. Vinne vya mwisho vinajieleza vyenyewe. Cha kwanza kinahitaji maelezo, kwa sababu ndicho kinachowagombanisha watu.

Mwaka 2010 UNESCO iliviingiza vyakula vya jadi vya Meksiko katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Nguzo za urithi huo ni mahindi, maharage na pilipili, pamoja na utaratibu wa kale wa kuyachemsha mahindi kwa maji ya chokaa, ambao Wameksiko huuita nixtamalización. Tortila ya mahindi, yaani mkate mwembamba wa duara unaobeba karibu kila kitu mezani, hutoka katika utaratibu huo. Taco ya mitaani katika Jiji la Meksiko ni tortila ndogo laini za namna hiyo, mara nyingi mbili zikibebana, juu yake nyama kidogo, kitunguu, kotmiri, salsa ya pilipili na ndimu ya kukamulia. Ganda gumu la kukaangwa lililojaa nyama ya kusaga na jibini ya manjano ni chakula kilichokulia Marekani. Kina wapenzi wake na kina historia yake, lakini anayetafuta ladha ya Meksiko asidhani ameipata hapo.

Hata hivyo, uhalisi haumaanishi chakula cha aina moja. Meksiko ni nchi pana. Katika majimbo ya kaskazini kama Sonora na Chihuahua, ambako ngano hustawi, tortila ya unga wa ngano ni ya wenyewe kabisa, na aliyezaliwa huko hawezi kuambiwa kwamba mkate wa mama yake ni bandia. Hata nacho, ambazo wengi huzihesabu kuwa za Kimarekani, zilibuniwa mwaka 1943 na Ignacio Anaya katika mji wa Piedras Negras, ndani ya Meksiko, ingawa aliwaandalia wateja waliovuka mpaka kutoka Texas. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: chakula hiki kinawakilisha sehemu gani ya Meksiko, na je, kimepikwa kwa namna ya sehemu hiyo?

Njia ya kwanza: mkahawa wa watalii

*Uhalisi.* Hutofautiana sana kati ya mkahawa mmoja na mwingine. Sehemu nyingi zinazouza taco katika ukanda wa fukwe, kuanzia Nungwi na Kendwa hadi Paje na Jambiani, si mikahawa ya Meksiko hasa. Ni mikahawa ya vyakula mchanganyiko yenye taco katika orodha. Maswali matatu ya adabu kwa mhudumu yanatosha kumwelewesha mteja. Tortila ni ya mahindi au ya ngano? Salsa inasagwa hapa au inatoka katika chupa? Pilipili zinazotumika ni zipi? Mpishi anayejali kazi yake hufurahi kuulizwa, na mara nyingi atatoka jikoni kujibu mwenyewe. Mahali ambapo mikahawa hii humshinda mpishi wa nyumbani ni kwenye pilipili zilizokaushwa, kama ancho, guajillo na chipotle, ambazo mwenye hoteli anaweza kuziagiza kutoka nje na ambazo hazina mbadala wa karibu sokoni kwetu. Anayetaka kuonja mchuzi mzito wa mole wa Puebla au Oaxaca, uliojengwa juu ya pilipili hizo, hana budi kumtafuta mpishi mwenye nazo. Taco za samaki nazo hupendeza katika mikahawa ya pwani, kwani mtindo wake umetoka Baja California, pwani ya Ensenada, na samaki aliyevuliwa usiku huo ni nusu ya kazi.

*Gharama.* Ni ya juu kuliko zote. Mlo wa watu wawili katika hoteli ya ufukweni, pamoja na kinywaji, kwa kawaida unakaribia au unazidi fedha ambazo familia ingetumia sokoni kwa kuku mzima, mahindi, tungule na ndimu. Anayetoka mjini aongeze nauli, na arudi kabla daladala hazijaadimika. Ndani ya Mji Mkongwe nauli inaokolewa, bei haipungui sana.

*Upatikanaji.* Mzuri katika msimu wa wageni. Kipindi cha masika, hasa Aprili na Mei, baadhi ya hoteli na mikahawa hufunga au hupunguza orodha zao, na mchana wa Ramadhani huduma hupungua, hasa mjini.

*Muda na kazi.* Hakuna kazi. Unakaa, unaletewa.

*Uhalali.* Hapa pana jambo la kuulizia kwa makini. Katika Meksiko mafuta ya nguruwe hutumika katika maharage ya kupondwa, katika tamale (donge la mahindi lililofungwa katika majani na kupikwa kwa mvuke) na hata katika tortila za ngano, kwa hiyo sahani isiyo na kipande cha nyama nayo inaweza kuwa nayo. Mikahawa mingi ya Zanzibar huepuka nguruwe, lakini ile inayohudumia wageni peke yao si lazima iwe hivyo.

*Anayefaa.* Anayetaka kujua ladha kabla ya kujaribu kupika, anayesherehekea jambo na mtu mmoja au wawili, na anayetaka vyakula vya pilipili kavu.

Njia ya pili: pakiti na mikebe ya supamaketi

*Uhalisi.* Mdogo, na sioni sababu ya kulizungushia maneno. Maganda magumu, vifuko vya viungo vya taco na salsa tamu za chupa vimetengenezwa kwa walaji wa Ulaya na Marekani. Vilivyo na manufaa ya kweli katika rafu hizo ni vichache: tortila laini za mahindi zinapotokea, maharage meusi ya mkebe, na pilipili za halapenyo zilizotiwa siki. Unga wa mahindi yaliyokwisha kupitishwa katika chokaa, ambao Wameksiko wenyewe huutumia kwa urahisi, ukiuona popote ununue, kwa sababu unga huo ni wa uhalisi wa juu na utakuokolea usiku mzima wa kazi.

*Gharama.* Inaonekana ndogo, lakini haiko hivyo. Pakiti ya tortila chache iliyosafiri kwa meli na kulipiwa ushuru huisha kwa mlo mmoja, na bado nyama na mboga hazijanunuliwa.

*Upatikanaji.* Haba na usiotabirika. Kitu kilichokuwepo mwezi uliopita huenda kisirudi.

*Muda na kazi.* Nusu saa, au chini yake.

*Uhalali.* Soma orodha ya viambato. Neno la Kihispania *manteca* katika mkebe wa maharage kwa kawaida maana yake ni mafuta ya nguruwe.

*Anayefaa.* Anayeishi peke yake, anayetoka kazini usiku, na anayetaka kitu kimoja tu cha kukamilisha chakula alichokwisha kukipika mwenyewe.

Njia ya tatu: kupika nyumbani kwa vitu vya sokoni

Njia hii nitakaa nayo zaidi, kwa kuwa ndiyo inayodharauliwa zaidi, na ndiyo inayoweza kuwafikisha watu wa visiwa hivi mbali kwa gharama ndogo.

*Uhalisi.* Ukichagua sehemu sahihi ya Meksiko, uhalisi wa njia hii unaweza kuupita ule wa mkahawa. Sehemu sahihi kwetu sisi ni rasi ya Yucatán, na sababu zake ziko sokoni. Pilipili ya Yucatán ni habanero, ambayo ni ya jamii moja na pilipili mbuzi yetu. Uchachu wa vyakula vyao hutoka katika danzi, ambalo huku baadhi ya watu huliacha lianguke chini ya mti. Rangi nyekundu ya chakula chao maarufu hutoka katika mbegu za mzingefuri, zile ambazo vijana wanaotembeza wageni katika mashamba ya viungo huwapaka midomoni kama rangi ya urembo. Viungo vinavyosagwa pamoja nazo ni pilipili manga, uzile, mdalasini, thomu na karafuu. Nyama yenyewe hufungwa katika majani ya mgomba. Sijui sehemu nyingine ya Meksiko ambayo orodha yake ya mahitaji ingeweza kutimizwa hivi na kijiji cha Kizimbani au mji wa Wete.

Chakula ninachokisema ni pibil. Wenyewe hupika zaidi nguruwe, lakini pibil ya kuku ni ya kawaida huko huko Yucatán, kwa hiyo anayepika kuku hajabadilisha chochote. Mbegu za mzingefuri ni ngumu. Zichemshwe kidogo na kulazwa majini usiku, kisha zisagwe kwa thomu nyingi, viungo nilivyovitaja, chumvi na maji ya danzi. Danzi likikosekana, maji ya chungwa yaliyochanganywa na ya ndimu yanakaribia sana. Kuku apakwe rojo hilo alale nalo, asubuhi afungwe katika majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni ili yalegee, kisha apikwe taratibu katika chungu au sufuria iliyofunikwa vizuri, makaa chini na juu kama inavyopikwa mikate yetu, hadi nyama iachane na mfupa. Huliwa na vitunguu vyekundu vilivyolowekwa katika maji ya danzi pamoja na vipande vya pilipili mbuzi. Mzanzibari yeyote anayejua kutengeneza achari na kachumbari ataipatia mara ya kwanza.

Kuhusu mkate wa kulia, zipo daraja mbili za juhudi. Daraja ya wepesi ni tortila ya ngano ya kaskazini: unga, chumvi, mafuta na maji ya moto, donge likandwe lilainike, lipumzike, lisukumwe jembamba bila ya kukunjwa tabaka, lichomwe katika kikaango cha chapati kikavu bila ya mafuta. Mtu anayesukuma chapati haongezi elimu yoyote. Anapunguza hatua tu. Samli au mafuta ya kupikia hushika nafasi ya mafuta ya nguruwe bila ya madhara makubwa kwa ladha.

Daraja ya juu ni tortila ya mahindi. Watu wengi hujaribu kuitengeneza kwa sembe au dona, na huvunjika mikononi, kisha huamua kwamba haiwezekani Zanzibar. Kasoro iko katika unga, kwa sababu unga wa mahindi ya kawaida hauna kinachoushikamanisha. Chokaa ndiyo inayolainisha na kuliondoa ganda la nje la punje na kubadilisha wanga wake hadi donge likakubali kusukumwa. Ndiyo pia inayofungua vitamini aina ya niasini iliyofungika ndani ya mahindi na kuongeza madini ya kalisi. Mahindi yalipoenea Ulaya, na baadaye katika sehemu za Afrika, hayakusafiri na elimu hiyo, na watu waliokula mahindi karibu peke yake wakasumbuliwa na pelagra, ugonjwa wa upungufu wa niasini. Inanigusa kuona kwamba kitu kilichopungua safarini ni chokaa, ambayo sisi wa pwani tumeichoma kwa matumbawe na kujengea mji mzima.

Chokaa ya kutumia ni ile ya tambuu, nyeupe, isiyotiwa rangi wala manukato, inayouzwa na wauza uraibu. Chokaa ya kupaka kuta isitumike kabisa. Kwa kilo moja ya mahindi makavu yasiyokobolewa weka kiasi cha gramu 10 za chokaa, au kijiko kimoja cha chakula ikiwa ni ya majimaji, katika maji mengi. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na alumini huliwa na chokaa, kwa hiyo tumia chungu au sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Chemsha kwa moto wa wastani kati ya nusu saa na saa moja, hadi ganda la punje liteleze ukilifikicha kwa vidole, kisha uache humo humo usiku kucha. Asubuhi yaoshe kwa maji mengi huku ukiyafikicha. Kusaga ndiko kwenye kikwazo, kwa sababu mashine za mtaani zimetengenezwa kwa nafaka kavu. Mashine ya mkono ya kusagia nyama inafaa ikiwa mahindi yatapitishwa zaidi ya mara moja. Blenda nayo inaweza, lakini hudai maji mengi, na donge likizidi maji hunata kila mahali. Kilo moja ya mahindi makavu hutoa donge la kilo moja na nusu hadi karibu mbili, yaani tortila ndogo 50 au zaidi. Sukuma au bana kila tonge baina ya vipande viwili vya nailoni, choma katika kikaango kikavu cha moto mkali, geuza mara mbili, kisha zifunge zote katika kitambaa ndani ya hotipoti, kwani mvuke wake wenyewe ndio unaozilainisha.

Vitakavyokosekana ni tomatiyo, tunda la kijani linalofanana na tungule, la salsa ya kijani, na majani ya epazote, kiungo cha kutia katika maharage. Sipendekezi kulazimisha mbadala. Ni bora kupika kile kinachokamilika. Embe mafuta iliyopondwa kwa chumvi, ndimu, kitunguu, kotmiri na pilipili mbichi inakamilika. Jibini laini ya kuvunjavunja inapatikana kwa kuyakatisha maziwa ya moto kwa ndimu na kuyachuja. Kwa vinywaji hatuna cha kuongeza: maji ya ukwaju na maji ya choya, yaani rosela, hunywewa Meksiko nzima kama yanavyonywewa hapa wakati wa kufuturu.

*Gharama.* Ndogo kuliko zote kwa kila mlaji, hasa wakiwa wengi. Kitu kikubwa ni kuku au samaki. Samaki ukimnunua mnadani Malindi, hesabu hushuka zaidi.

*Upatikanaji.* Wa uhakika mwaka mzima kwa karibu kila kitu. Danzi na mbegu za mzingefuri zina misimu yake, lakini mbegu zikikauka vizuri hukaa muda mrefu, kwa hiyo ziwekwe akiba.

*Muda na kazi.* Tortila za ngano, saa moja. Pibil na tortila za mahindi, jioni moja ya maandalizi na asubuhi yake.

*Uhalali.* Mikononi mwako mwenyewe.

*Anayefaa.* Familia, wanafunzi wanaoishi pamoja, na yeyote anayependa kazi ya jikoni. Haimfai mwenye chumba kimoja kisicho na mahali pa kuwasha makaa.

Njia ya nne: kumwagizia mpishi wa mtaani

*Uhalisi.* Unategemea maelekezo yako. Kina mama wanaopika chapati, sambusa na katlesi kwa oda wana mkono wa kazi hii, na akipewa maelezo yaliyo wazi mpishi wa namna hiyo hutoa tortila za ngano nzuri kuliko za pakiti. Tortila za mahindi si haki kumdai, isipokuwa ukimpelekea donge lililokwisha kusagwa. Wapo pia wauza shawarma, na uhusiano wao na Meksiko ni wa damu, kwani taco za *al pastor* zilizaliwa kutokana na wahamiaji wa Lebanoni waliopeleka huko nyama ya kuzungushwa motoni. Huko nyama ikageuka kuwa ya nguruwe; hapa nyama ya kuku au ng'ombe iliyokatwa kutoka kwenye chuma hicho cha kuzungushwa, bila ya mayonezi, ukaitia katika tortila pamoja na kitunguu, kotmiri, vipande vya nanasi na ndimu, ni chakula cha heshima.

*Gharama.* Ya kati, na hushuka oda ikiwa kubwa. Makubaliano yawe ya jumla, pamoja na mkaa na vifaa, na malipo ya awali yatolewe ili mpishi asiingie sokoni kwa fedha zake.

*Upatikanaji.* Mzuri, ila mwarifu siku mbili tatu kabla. Mwisho wa wiki na misimu ya harusi wapishi hawa wamebanwa.

*Muda na kazi.* Kueleza, kuonja jaribio la kwanza, na kurekebisha.

*Uhalali.* Kwa kawaida hakuna wasiwasi.

*Anayefaa.* Ofisi, vikundi vya akina mama, mahafali, na yule anayetaka kuwalisha watu kumi na zaidi bila ya kusimama jikoni.

Uchague ipi, kwa hali ipi

Ikiwa hujawahi kukionja chakula hiki na huna kipimo cha ladha, tenga fedha za mlo mmoja mkahawani, uliza yale maswali matatu, na kula ukiwa makini. Kipimo hicho kitakusaidia katika njia nyingine zote. Ukiwa unakwenda kwa ajili ya mole au mchuzi wowote wa pilipili kavu, hiyo ndiyo njia yako hata baadaye, au mwagizie ndugu aliyeko ughaibuni akuletee kifuko cha pilipili hizo. Ni nyepesi na haziozi njiani.

Ikiwa una saa moja baada ya kazi, tengeneza tortila za ngano, kaanga vipande vya changu, ponda embe mafuta, kata kabichi nyembamba na ukamulie ndimu. Usinunue maganda magumu kwa kuogopa kazi, kwa kuwa kazi yenyewe ni ndogo. Mkebe wa maharage au chupa ya halapenyo unaweza kuingia hapa ukiwa tayari unao.

Ikiwa una familia na siku ya mapumziko, loweka mahindi ya chokaa usiku wa kuamkia siku hiyo na umpake kuku rojo la mzingefuri saa hiyo hiyo. Watoto wapewe kazi ya kubana tortila. Kwa mara ya kwanza usiyafanye yote mawili: anza na pibil ukaile kwa chapati kavu za ngano, kisha zamu nyingine uongeze mahindi.

Ikiwa una wageni wengi, mpe mpishi wa mtaani tortila na maharage, nawe upike nyama mwenyewe. Mgawanyo huu unalinda ladha mahali inapoamuliwa na kukupunguzia mzigo mahali ambapo mkono wa mwenye mazoea ni bora kuliko wako.

Ikiwa ni Ramadhani, tamale zilizofungwa katika majani ya mgomba, kama zinavyofungwa Oaxaca na Veracruz, zinaandaliwa mchana na kutiwa katika mvuke saa moja na nusu kabla ya magharibi. Donge lake ni lile lile la mahindi ya chokaa likichanganywa na samli na supu ya kuku, na ndani yake unatia kuku wa rojo.

Na ikiwa uko Pemba, ambako mikahawa ya kigeni ni michache sana ukilinganisha na Unguja, usisubiri safari ya boti. Karafuu, mgomba na pilipili viko karibu nawe, danzi huenda liko kwa jirani, na chokaa iko kwa muuza tambuu wa Chake Chake. Kitu pekee cha kuagizia kutoka Unguja ni mashine ya mkono ya kusagia, ambayo inaweza kununuliwa kwa kuchangiana nyumba tatu au nne na kuzunguka kwa zamu.